Kiongozi wa Shughuli za Serikali Bungeni (Tanzania)

Kiongozi wa Shughuli za Serikali Bungeni ni kiongozi anayesimamia mambo yote ambayo Serikali inayapeleka mbele ya Bunge: miswada ya sheria, makadirio ya bajeti, maazimio, kauli za Serikali na majibu ya maswali ya wabunge. Nchini Tanzania kazi hiyo ni ya Waziri Mkuu, kwa mujibu wa ibara ya 52 ya Katiba ya mwaka 1977. Huifanya hasa katika jiji la Dodoma, ambako Bunge la Jamhuri ya Muungano hukutana.

Kiongozi huyu husimama kati ya mihimili miwili ya dola. Kwa upande mmoja ameteuliwa na Rais na anawajibika kwake. Kwa upande wa pili hawezi kushika madaraka bila kuthibitishwa na Bunge, na Bunge linaweza kumwondoa. Kwa hiyo anabeba maneno ya Serikali kwenda kwa wabunge, na anarudi serikalini na manung'uniko ya wabunge. Mambo yanapoharibika, mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kudaiwa maelezo.

Msingi wa kikatiba

Katika muundo wa Tanzania, Rais ni sehemu ya Bunge kwa maana ya kwamba mswada hauwi sheria mpaka yeye aukubali. Hata hivyo Rais si mbunge. Huingia ukumbini kwa nafasi maalumu, kama vile kulihutubia na kulifunga Bunge, lakini hakai humo kujibu maswali wala kupiga kura. Makamu wa Rais naye si mbunge. Mawaziri, kwa upande wao, wote ni lazima wawe wabunge. Kwa sababu hiyo Waziri Mkuu ndiye kiongozi wa juu kabisa wa Serikali anayekaa ndani ya ukumbi siku zote za mkutano.

Ibara ya 51 inamtaka Rais amteue Waziri Mkuu ndani ya siku 14 baada ya kushika madaraka yake. Anayeteuliwa lazima awe mbunge aliyechaguliwa katika jimbo, na atokane na chama chenye wabunge wengi zaidi. Kama hakuna chama cha namna hiyo, awe mtu anayeelekea kuungwa mkono na wabunge walio wengi. Mbunge wa viti maalumu, au wa kuteuliwa na Rais, anaweza kuwa waziri lakini hawezi kuwa Waziri Mkuu. Uteuzi huthibitishwa na Bunge kwa kura. Novemba 2015, kwa mfano, Kassim Majaliwa, mbunge wa Ruangwa, alithibitishwa kwa kura 258 huku kura 91 zikimkataa.

Ibara ya 52 inampa Waziri Mkuu usimamizi wa kazi za Serikali za siku hadi siku, na hapohapo inamtaja kuwa Kiongozi wa Shughuli za Serikali Bungeni. Ibara ya 53 inasema kwamba anawajibika kwa Rais, na kwamba mawaziri, chini ya uongozi wake, wanawajibika kwa pamoja mbele ya Bunge. Maana ya kuwajibika kwa pamoja ni kwamba waziri hawezi kusimama ukumbini na kuupinga mswada wa waziri mwenzake. Asiyekubaliana na msimamo wa Serikali hujadiliana ndani ya Baraza la Mawaziri, au hujiuzulu.

Tofauti na Spika

Watu wengi huchanganya kazi ya kiongozi huyu na ile ya Spika. Spika ni kiongozi wa Bunge lenyewe: anaendesha vikao, anatafsiri Kanuni za Kudumu, anatoa nafasi ya kusema na anaamua malalamiko ya utaratibu. Kiongozi wa Shughuli za Serikali ni mmoja wa wanaosimama mbele ya Spika wakiomba nafasi. Anaweza kuomba mswada uahirishwe au uondolewe, lakini ruhusa inatoka kwa Spika na kwa Bunge. Mbunge anapolalamika kwamba hakupewa nafasi ya kuchangia, hilo ni jambo la Spika. Anapolalamika kwamba waziri ametoa jibu lisilo la kweli au ahadi isiyotimizwa, hapo anayehusika ni Waziri Mkuu.

Historia

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Julius Nyerere alikuwa Waziri Mkuu na kiongozi wa Serikali ndani ya Bunge. Alijiuzulu Januari 1962, na Rashidi Kawawa akashika nafasi yake. Nchi ilipokuwa jamhuri tarehe 9 Desemba 1962 cheo cha Waziri Mkuu kilifutwa. Rais mtendaji hakukaa tena bungeni, kwa hiyo ilibidi apatikane mtu wa kuisemea Serikali humo. Kazi hiyo alipewa Kawawa akiwa Makamu wa Rais, na baada ya Muungano wa 1964 akaendelea nayo akiwa Makamu wa Pili wa Rais.

Februari 1972 cheo cha Waziri Mkuu kilirudishwa, naye Kawawa akakishika hadi 1977. Waliofuata ni Edward Sokoine (1977–1980), Cleopa Msuya (1980–1983), Sokoine tena (1983–1984), Salim Ahmed Salim (1984–1985), Joseph Warioba (1985–1990), John Malecela (1990–1994), Msuya tena (1994–1995), Frederick Sumaye (1995–2005), Edward Lowassa (2005–2008), Mizengo Pinda (2008–2015) na Kassim Majaliwa (2015–2025). Novemba 2025 aliteuliwa na kuthibitishwa Mwigulu Nchemba, mbunge wa Iramba Magharibi mkoani Singida.

Mabadiliko mawili yaligusa kazi hii kwa kina. La kwanza ni kurudi kwa mfumo wa vyama vingi mwaka 1992. Wakati wa chama kimoja mabishano makubwa yalimalizwa ndani ya chama, na Bunge likapata mambo yakiwa yameiva. Vyama vingi vilileta wabunge ambao kazi yao halali ni kuikosoa Serikali hadharani. Mwaka huohuo Katiba iliongezewa ibara ya 53A, iliyolipa Bunge uwezo wa kupiga kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. La pili ni kutenganishwa kwa cheo hiki na umakamu wa Rais. Warioba, Malecela na Msuya walikuwa Mawaziri Wakuu na wakati huohuo Makamu wa Rais. Tangu uchaguzi wa 1995 Makamu wa Rais huchaguliwa pamoja na Rais kama mgombea mwenza, na Waziri Mkuu amebaki na kazi za Serikali na Bunge.

Kazi zake

Kupanga shughuli. Kabla ya mkutano wa Bunge kuanza, Serikali huamua miswada ipi iko tayari na ipi isubiri. Ratiba hupangwa na Kamati ya Uongozi chini ya Spika, na upande wa Serikali huwakilishwa humo. Mswada ukiletwa kabla haujaiva, waziri hushindwa kuutetea kwenye kamati, na hatimaye aibu ni ya Serikali nzima. Upo pia utaratibu wa hati ya dharura, unaoruhusu mswada kupita hatua zake zote kwa muda mfupi. Ndivyo zilivyopitishwa sheria za kulinda utajiri na rasilimali za nchi mwanzoni mwa Julai 2017. Utaratibu huo huokoa muda, lakini hupunguza nafasi ya wananchi na kamati kutoa maoni. Kwa hiyo uamuzi wa kuutumia ni mzito.

Bajeti. Mkutano mrefu kuliko yote ni ule wa bajeti, unaoanza Aprili na kumalizika mwisho wa Juni, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kwa kawaida makadirio ya Ofisi ya Waziri Mkuu hutangulia yale ya wizara nyingine. Wabunge huitumia siku hiyo kujadili mwenendo wa Serikali kwa jumla, kuanzia barabara na maji hadi pembejeo. Kila wizara inapofika kwenye Kamati ya Matumizi, mbunge asiyeridhika anaweza "kushika shilingi", yaani kutoa hoja ya kupunguza shilingi moja katika mshahara wa waziri ili alazimike kutoa maelezo zaidi. Shilingi yenyewe si kitu. Kinachotafutwa ni ahadi ya waziri iliyoandikwa katika kumbukumbu rasmi za Bunge, Hansard. Waziri akikwama, Waziri Mkuu anaweza kusimama kumsaidia.

Mwishoni wabunge huitwa majina mmoja mmoja kuipigia kura bajeti ya Serikali. Kura hiyo si desturi tu. Chini ya ibara ya 90, Bunge likikataa kupitisha bajeti, Rais anaweza kulivunja, na wabunge wote wakarudi kwa wapiga kura. Kwa hiyo kila upande una sababu ya kutafuta maelewano kabla ya siku ya kura.

Maswali. Kila asubuhi ya kikao huanza na maswali kwa mawaziri: swali la msingi, ambalo jibu lake huandaliwa na wizara mapema, kisha maswali ya nyongeza ambayo waziri hayajui. Chini ya Kanuni za mwaka 2007 uliwekwa pia utaratibu wa maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, nusu saa kila Alhamisi. Haya huhusu sera ya Serikali, si mambo ya jimbo moja. Kwa mfano, mbunge wa Manyoni anayetaka kujua kwa nini kisima fulani hakijachimbwa hupeleka swali kwa Waziri wa Maji. Siku ya Alhamisi itambidi aulize Serikali ina mpango gani wa maji kwa mikoa yenye ukame. Waziri Mkuu hujibu bila karatasi ya wizara, na jibu lake huchukuliwa kuwa msimamo wa Serikali nzima.

Kuahirisha mkutano. Siku ya mwisho ya mkutano, Waziri Mkuu hutoa hoja ya kuahirisha Bunge. Hotuba yake huwa ni muhtasari wa kazi zilizofanyika, pamoja na maelekezo ya Serikali juu ya mambo yaliyo moto wakati huo, kama vile mavuno, bei za bidhaa au ukame. Wananchi wengi humsikia Waziri Mkuu kwa kirefu zaidi katika hotuba hiyo kuliko wakati mwingine wowote.

Wasaidizi wake

Katika Ofisi ya Waziri Mkuu huwapo Waziri wa Nchi anayeshughulikia sera, uratibu na Bunge. Mpangilio wa majukumu yake hubadilika kila Serikali inapoundwa upya. Miongoni mwa waliowahi kushika nafasi hiyo ni Philip Marmo, William Lukuvi, Jenista Mhagama na George Simbachawene, aliyekuwa mbunge wa Kibakwe mkoani Dodoma. Waziri huyo hufuatilia mawaziri wawepo ukumbini, majibu yafike kwa wakati na ratiba ifuatwe.

Yupo pia Mnadhimu wa Serikali, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba wabunge wa upande wa Serikali wapo na wanaujua msimamo inapofika saa ya kura. Mwanasheria Mkuu wa Serikali hutoa ushauri wa kisheria na kurekebisha lugha ya miswada. Nje ya utaratibu rasmi wa Bunge kuna kamati ya wabunge wote wa chama tawala. Humo Serikali husikia ukali wa wabunge wake yenyewe kabla haujatokea hadharani.

Dodoma na kazi ya Bunge

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, lakini kwa miaka mingi Bunge lilitangulia na wizara zikabaki Dar es Salaam. Bunge lilikuwa limezoea Ukumbi wa Karimjee jijini Dar es Salaam, na tangu 1996 makao yake yamekuwa Dodoma. Ukumbi unaotumika sasa ulifunguliwa mwaka 2006.

Utengano huo uliifanya kazi ya kuongoza shughuli za Serikali kuwa ngumu. Kila mkutano ulipokaribia, mawaziri, makatibu wakuu, wataalamu na majalada yao walisafiri takriban kilomita 450 kwenda Dodoma, kisha wakarudi. Swali la nyongeza lililohitaji takwimu lilitegemea simu ya Dar es Salaam. Safari hizo zina kumbukumbu ya msiba pia: tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Sokoine alifariki katika ajali ya gari mkoani Morogoro, akiwa njiani kurudi Dar es Salaam baada ya mkutano wa Bunge Dodoma.

Mwaka 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali yote itahamia Dodoma. Waziri Mkuu Majaliwa alitangulia mwezi Septemba mwaka huo, na wizara zikafuata. Siku hizi wizara nyingi zina ofisi katika Mji wa Serikali wa Mtumba, upande wa mashariki wa jiji. Mtaalamu anayehitajika bungeni huweza kufika siku hiyohiyo.

Uwajibikaji na matukio makubwa

Mwaka 1993 wabunge 55, waliojulikana kama G55, walileta hoja ya kutaka iundwe Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Sera ya chama tawala ilikuwa ya serikali mbili, lakini hoja hiyo haikuzuiwa, na Bunge likaipitisha ikiwa na marekebisho. Mwalimu Nyerere alipinga vikali, na katika kijitabu chake Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania aliwalaumu Waziri Mkuu Malecela, mzaliwa wa Dodoma, na Katibu Mkuu wa CCM, Horace Kolimba. Serikali ilirudi kwenye sera ya serikali mbili, na Desemba 1994 Malecela akaondoka katika uwaziri mkuu. Tukio hilo lilionyesha kwamba kiongozi wa shughuli za Serikali hupimwa pia kwa hoja alizoziacha zipite.

Mwaka 2008 kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe ilitoa taarifa juu ya mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond. Tarehe 7 Februari, taarifa hiyo ikiwa inajadiliwa, Lowassa alitangaza ukumbini kwamba amemwandikia Rais barua ya kujiuzulu, huku akilalamika kwamba kamati haikumhoji. Kwa mujibu wa Katiba, Waziri Mkuu akijiuzulu mawaziri wote hupoteza nafasi zao. Rais Jakaya Kikwete ilimlazimu kuunda baraza jipya. Pinda alithibitishwa na Bunge siku iliyofuata.

Julai 2011, wakati nchi ikiwa katika mgawo mkali wa umeme, wabunge wa vyama vyote waliyakataa maelezo ya Wizara ya Nishati na Madini juu ya bajeti yake. Pinda aliona kwamba kura ingeiangusha hoja ya Serikali. Alisimama akaomba bajeti hiyo iahirishwe kwa wiki tatu ili Serikali ijipange upya. Ilirudishwa Agosti ikiwa na mpango wa dharura wa umeme, na ikapita. Kujua wakati wa kurudi nyuma ni sehemu ya kazi yenyewe.

Aprili 2012, baada ya taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuonyesha matumizi mabaya ya fedha, Zitto Kabwe alikusanya saini za wabunge ili iletwe hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Ibara ya 53A inadai saini za asilimia 20 ya wabunge wote, na taarifa ya maandishi kwa Spika siku 14 kabla. Aidha hoja hiyo haiwezi kuletwa kabla Waziri Mkuu hajatimiza miezi sita tangu ateuliwe. Ikiungwa mkono na wabunge walio wengi, anatakiwa kujiuzulu ndani ya siku mbili. Spika Anne Makinda alieleza kwamba siku 14 zisingetimia kabla ya mkutano kuisha, hivyo hoja haikufikia kura. Mwezi uliofuata Rais alilibadilisha Baraza la Mawaziri. Hadi leo hakuna Waziri Mkuu wa Tanzania aliyeondolewa kwa kura hiyo.

Zanzibar na nchi jirani

Katika Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, kazi hii ilikuwa ya Waziri Kiongozi hadi 2010. Baada ya mabadiliko ya Katiba ya Zanzibar ya mwaka huo ilihamia kwa Makamu wa Pili wa Rais. Wa kwanza alikuwa Balozi Seif Ali Iddi, akifuatiwa mwaka 2020 na Hemed Suleiman Abdulla.

Nchini Uganda Waziri Mkuu ndiye kiongozi wa shughuli za Serikali bungeni. Robinah Nabbanja alipewa nafasi hiyo mwaka 2021.

Kenya ilikuwa na desturi ya kumpa Makamu wa Rais. Serikali ya mseto ya 2008 ilipoleta pia Waziri Mkuu, ukazuka ubishi kati ya Kalonzo Musyoka na Raila Odinga juu ya nani aongoze. Aprili 2009 Spika Kenneth Marende aliamua kwamba hawezi kumtambua yeyote mpaka Rais na Waziri Mkuu wakubaliane. Kwa muda huo akasimamia mwenyewe kamati ya kupanga shughuli za Bunge. Katiba ya 2010 iliwatoa mawaziri bungeni kabisa, na kazi ya kupitisha mambo ya Serikali ikawa ya Kiongozi wa Walio Wengi, ambaye ni mbunge lakini si waziri. Aden Duale ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika nafasi hiyo katika Bunge la Taifa chini ya katiba hiyo, kuanzia 2013.

Hoja zinazojadiliwa

Uzito wa kazi hii hutegemea nguvu ya wale walio upande wa pili wa ukumbi. Kanuni za Bunge la Tanzania zinadai angalau asilimia 12.5 ya wabunge ili iwepo Kambi Rasmi ya Upinzani na Kiongozi wake, ambaye alikuwa akipewa nafasi ya kwanza katika maswali ya Alhamisi. Baada ya uchaguzi wa 2020 upinzani haukufikia kiwango hicho, na Majaliwa alithibitishwa mwaka huo bila kura ya kumkataa. Wanaoutetea mfumo husema kwamba hata hivyo wabunge wa chama tawala wanaweza kuibana Serikali, na hutaja mifano ya 2008 na 2011. Wanaoukosoa hujibu kwamba katika miaka hiyo kulikuwa na kambi ya upinzani iliyowapa wabunge hao sababu ya kusema.

Hoja nyingine ni ya mawaziri kuwa wabunge. Rasimu ya Katiba iliyoandaliwa na Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Joseph Warioba, ambaye mwenyewe aliwahi kuishika kazi hii, ilipendekeza mawaziri wasiwe wabunge. Mchakato huo haukufikia kura ya maoni. Utaratibu wa ibara ya 52 unaendelea kutumika.